Gari Lililofufuliwa Bila Makovu

Jumapili asubuhi, kabla jua halijakolea, utaziona zikipita Ngong Road au zikishuka Magadi Road kuelekea Bonde la Ufa. Land Rover za zamani, mbili tatu kwa mstari, rangi ya krimu au kijani kilichofifia kwa makusudi, keria juu, tairi ya spea kwenye boneti, mtungi wa mafuta umefungwa kwa mkanda wa ngozi. Zinang'aa. Hazina hata mkwaruzo mmoja. Ukiwa kando ya barabara lazima ugeuze shingo, na mimi hugeuza yangu kila mara. Naliweka hilo wazi mapema nisije nikaitwa mwenye wivu. (Wivu upo pia. Bei ya moja ya gari hizo ingenilipia kodi ya nyumba kwa miaka mingi.)

Ninachohakiki hapa ni gari zenyewe. Nataka kuzisoma jinsi tunavyosoma riwaya ya kihistoria: nani anasimulia, ameanzia mwaka gani, amemwacha nani nje ya hadithi. Mtu anayefufua gari la mwaka 1974 hashiki spana tu, anaandika historia. Na historia inayoandikwa katika gereji za kifahari za Nairobi siku hizi ina tatizo moja kubwa. Inairuka Kenya.

Tuanze na neno lenyewe. Fundi wa mtaani husema kutengeneza, maana yake gari litembee kesho. Barua za ofisi husema kukarabati. Lakini wapenzi wa gari hizi wamechagua neno zito zaidi, kufufua, na sisi tuliopitia shule ya Jumapili tunajua ufufuo ulivyokuwa. Katika Injili ya Yohana, Tomaso anaonyeshwa mikono yenye alama za misumari. Mwili ulirudi na makovu yake, na ni kwa makovu hayo yule mbishi aliamini kwamba ni yule yule. Gari za Jumapili zinafufuka na ngozi ya mtoto mchanga. Tomaso angezikataa.

Kampuni yenyewe iliyatumia mawazo haya haya kwa lugha nyingine. Defender ya mwisho ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Mwaka huo huo kampuni ikaanza kuuza Series I zilizotengenezwa upya na mafundi wake, chini ya jina Reborn. Kuzaliwa upya sasa, si kufufuka. Muulize mlokole yeyote tofauti ni ipi, atakuambia aliyezaliwa upya maisha yake ya zamani yamefutwa.

Mabishano haya ni ya zamani kuliko magari. Ufaransa, karne ya 19, Viollet-le-Duc, yule aliyeikarabati Notre-Dame ya Paris, alishikilia kwamba kulirejesha jengo ni kulifikisha kwenye ukamilifu ambao huenda halikuwahi kuwa nao wakati wowote. Upande wa pili alikuwepo Mwingereza John Ruskin, ambaye katika kitabu cha mwaka 1849 alisema kazi ya aina hiyo ni uongo, kwamba jengo litunzwe lisianguke lakini lisitiwe ujana wa bandia. Mimi simfuati Ruskin mpaka mwisho wa barabara. Gari si kanisa. Gari lisilotembea ni kibanda cha kuku, na vibanda vya aina hiyo tunavyo vya kutosha nyuma ya nyumba za babu zetu. Lakini ule ukamilifu ambao haukuwahi kuwepo, huo ndio naouona kila Jumapili.

Tazama mfano. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, bodi yake ikiwa ya alumini kwa sababu chuma Uingereza kilikuwa kwa mgao baada ya vita. Hiyo ndiyo Series I. Nyingi zinazofufuliwa hapa kwetu ni Series III, na Series III ilianza mwaka 1971. Kenya ilikuwa tayari na bendera yake, wimbo wake na polisi wake. Sasa nenda kaangalie jinsi gari hilo linavyovalishwa: turubai, ngozi ya kahawia, sanduku la mbao nyuma, rangi ya mchanga. Ni mavazi ya filamu. Ni Born Free, ile ya 1966 iliyopigwa hapa hapa Kenya, ya simba Elsa na wazungu wake. Gari la zama za Mzee Kenyatta linarudishwa nyuma miaka ishirini hadi kwenye safari ya mzungu, safari ambayo gari hilo halikuwahi kwenda.

Halafu kuna ile beji. Nimeiona kwenye Series III tatu sasa, ya umbo la yai, mpya kabisa, imeandikwa kwamba gari limetoka Solihull, Warwickshire, England. Ni beji ya magari ya miaka ya mwanzo. Lakini katika miaka ya 1970 Land Rover nyingi zilizouzwa Kenya zilifika zikiwa vipande ndani ya makreti, zikaunganishwa Thika, katika kiwanda kilichoitwa Leyland Kenya ambacho leo ni Kenya Vehicle Manufacturers. Vijana wa Kikenya ndio walioifunga bodi kwenye chasi, wakakaza bolti, wakaliwasha gari kwa mara ya kwanza. Mtu anayeng'oa alama za gari la Thika na kuweka beji ya Solihull anadhani amelipandisha cheo. Kwangu mimi amebadilisha cheti cha kuzaliwa.

Na baada ya Thika, gari liliishi wapi? Hapa ndipo hadithi inanoga, na hapa ndipo gereji zinanyamaza. Land Rover nyingi za umri huo zilikuwa GK. Ziliendeshwa na maafisa wa mifugo, wa maji, wa barabara. Zilibeba chanjo na masanduku ya kura. Nyingine zilikuwa za misheni, zikabeba Biblia na unga na mama mwenye uchungu wa kuzaa, wakati mwingine vyote kwa safari moja. Zikachoka, zikapigwa mnada, zikanunuliwa na wafanyabiashara, zikaanza maisha ya pili. Maralal na njia za kuelekea Baragoi bado utazikuta zikibeba watu na mbuzi mahali ambapo gari la kawaida lingelala njiani.

Zilikuwa pia gari za kukamata watu. Miaka ya Hali ya Hatari, kuanzia 1952, Land Rover ilikuwa gari la askari. Uhuru ulipokuja gari halikubadilika, alibadilika aliyekaa ndani. Mama yangu, aliyekulia vilimani Murang'a, hadi leo akiona gari la aina hiyo hulitaja kama "gari ya chifu", hata kama ndani kuna mtalii na mtoto wake. Anasema kitu kimoja kizuri kilikuwa sauti. Giaboksi ile hulia kwa mlio wa juu ikipanda kilima kwa gia ya pili, na mlio huo ulifika kijijini dakika kadhaa kabla ya gari lenyewe. Zilitosha kwa wanawake kumwaga pombe kwenye migomba na kukaa wakichambua maharagwe kana kwamba hakuna lililotokea. Nikiwa kando ya Magadi Road, naisikia sauti hiyo hiyo na kusisimka kwa furaha. Mama anaisikia na kutafuta pa kuficha mtungi. Gari ni moja.

Nimeliona hili kutoka ndani kidogo. Mwaka jana gereji moja, jina naliacha, ilinipa kazi ya kuandika maelezo ya magari manne ya kuuzwa. Kazi za kuandika unazijua, nilikubali kabla hawajamaliza kusema bei. Nilifanya ninachojua kufanya: nikauliza maswali, nikaomba kuona makaratasi. Gari moja lilikuwa na namba ya zamani isiyo na herufi ya mwisho, na historia tamu kuliko riwaya nyingi nilizosoma mwaka huo: wizara kwanza, mnada, mfanyabiashara wa Isiolo, kisha shule, kisha miaka kadhaa chini ya mti. Niliandika aya tatu. Zikarudi aya moja, yenye simba, machweo na neno urithi mara mbili. Nilipouliza, nikaambiwa kwa upole kabisa kwamba mteja hanunui mnada wa serikali, ananunua safari. Nusu ya hela bado naidai.

Yule aliyenijibu hakuwa mjinga, na sentensi yake ndiyo uhakiki bora wa biashara hii niliowahi kusikia. Sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka minane, kwa hivyo wanaofufua gari hizi wanategemea zile zilizokuwa hapa tayari. Malighafi yao ni Kenya tupu. Ni GK, ni chifu, ni daktari wa ng'ombe. Wanainunua Kenya hiyo kwa bei ya chuma kuukuu, wanaipiga msasa, wanauza safari.

Kuna mwingine anayefutwa kwenye msasa huo: fundi. Nimekaa vya kutosha kwenye gereji za Kariobangi na Kirinyaga Road kujua kwamba kinachoitwa "gari langu nililolifufua" mara nyingi ni gari alilolifufua mtu mwingine mwenye ovaroli. Sina ugomvi na anayelipa. Lakini kazi hii ina ustadi wa ajabu, na ustadi huo ndio sehemu tamu kuliko zote, na ndio hauandikwi popote.

Chukua chasi. Kwa nje inaweza kuonekana nzima, imepakwa rangi nyeusi, inapendeza. Lakini ni kama bomba la mraba, tope huingia ndani na kukaa, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Fundi haangalii, anasikiliza. Anatembea na nyundo ndogo akigonga kila hatua, chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kibuyu. Bodi nayo ina ugonjwa wake. Alumini haishiki kutu, lakini inapogusana na chuma penye unyevu huanza kugeuka unga mweupe, taratibu, chini ya rangi. Ukiona rangi imevimba karibu na bawaba za mlango, ujue chini yake hakuna kitu.

Na kunyoosha alumini si sawa na kunyoosha bati. Ukiigonga sana inakuwa ngumu na kupasuka, ukiipasha moto kupita kiasi inayeyuka bila kukuonya, maana haiwi nyekundu kama chuma. Fundi mmoja mzee alinionyesha dawa yake: kipande cha sabuni ya kufulia. Anaipaka pale palipobonyea, anapasha moto polepole, anaangalia sabuni. Ikigeuka nyeusi, anaondoa moto. Alumini imelegea, sasa inasikia nyundo. "Kijana," aliniambia, "hii sabuni ndiyo thamometa yangu." Huyu mzee amenyoosha milango ambayo imepigwa picha na kusifiwa, na hakuna picha hata moja ambayo yumo.

Sasa nikuonyeshe gari ninalolipenda, usije ukadhani kazi yangu ni kulalamika. Liko Rongai. Ni Series III ndefu, ile ya inchi 109, ya rafiki yangu ambaye ni mhasibu wa sacco. Alilinunua likiwa halina injini, kuku wameshahamia. Chasi imechomelewa sehemu sita na hakuficha hata moja, unaziona viraka zimepakwa rangi lakini mshono uko wazi. Walipopiga msasa mlango wa kushoto rangi zilitoka kama maganda ya kitunguu: nyeupe, chini yake bluu, chini yake kijani, na kwenye kijani zikajitokeza herufi nne za jina la wizara, zimekatika. Jamaa akasimamisha kazi. Leo mlango wote ni kijani kipya isipokuwa sehemu ya ukubwa wa sahani, ambapo herufi zile zimeachwa na kupakwa vanishi isiyo na rangi. Ukipita haraka utadhani rangi iliisha.

Injini ni ya Toyota Hiace. Ndiyo, ya matatu. Wenye msimamo mkali watashika vichwa, lakini hivi ndivyo Land Rover nyingi zilivyookoka Kenya: spea za Uingereza zilipopotea au kupanda bei, watu walitia injini za Isuzu na Toyota walizoweza kuzitengeneza. Kuitoa leo na kurudisha injini ya petroli ya 1974 ni kudai kwamba miaka arobaini ya akili za mafundi wetu ilikuwa ajali. Tulipoiwasha mara ya kwanza fundi alisikiliza kidogo, akacheka: "Hii ilikuwa inabeba watu kumi na wanne. Sasa imestaafu."

Tulienda nalo Suswa, kupitia Ngong. Usukani una ulegevu kiasi kwamba unaanza kukata kona kabla hujaiona. Hakuna feni, lakini chini ya kioo cha mbele kuna vifuniko viwili, unavifungua kwa mkono na vumbi lote la Narok linaingia kukusalimia. Tulipofika kwenye udongo mweusi uliolowa, rafiki yangu alibonyeza kitufe cha njano, akavuta wenzo mwekundu, gia zikashuka, na gari likaanza kutembea kama ng'ombe anayejua nyumbani. Mwendo wa mtu kwa miguu, bila haraka, bila kuteleza. Ule mlio wa giaboksi ulikuwepo, injini ya matatu ikiunguruma chini yake, na watoto waliokuwa wakichunga mbuzi wakakimbia kuja kwetu. Nilimwambia Mama baadaye kwamba walikimbia kuja. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi hawajui."

Upande wa pili una hoja yenye uzito na nisingependa kuipita. Mpenzi mmoja wa gari za asili aliniuliza: kama kila mtu ataacha injini ya Hiace na viraka, nani ataonyesha gari lilivyokuwa siku lilipotoka Thika? Pia injini ya dizeli ya aina nyingine huitikisa giaboksi kwa nguvu ambazo haikuundiwa. Ni kweli, zote mbili. Ningefurahi kuona Series III moja ikirudishwa kila bolti jinsi ilivyotoka kiwandani. Sharti langu ni moja, kiwanda chenyewe kiwe Thika. Hilo silioni likifanyika, nyingi ninazoziona zinarudi Solihull au Hollywood.

Makovu nayo yana wauzaji wake, bila shaka. Tayari kuna watu wanaokwaruza rangi mpya ionekane ya zamani, na siku si nyingi tutaona herufi za GK zilizochorwa wiki iliyopita. Hao siwatetei. Na breki si makovu, breki zitengenezwe. Hata gari la Rongai silisifii kila kitu: rafiki yangu ameweka juu taa moja ndefu ya LED ambayo ni mbaya kama mabango ya kampeni, na nimemwambia hivyo.

Ombi langu kwa wanaopanga maonyesho ya gari hizi ni dogo. Pale kwenye kioo ambapo huandikwa jina la mwenye gari na mwaka, ongezeni mistari mitatu: liliunganishwa wapi, lilimtumikia nani, lilifufuliwa na mikono ya nani. Mistari mitatu tu. Tutasimama pale kwa muda mrefu zaidi, nawaahidi, na huenda mzee wa sabuni akaitwa apigwe picha.

Wiki iliyopita nilipita Rongai nikamkuta mzee huyo huyo amepiga magoti kando ya mlango wa nyuma, ambao umebonyea vibaya. Inasemekana ni pembe ya fahali, enzi za Isiolo au mahali pengine kama hapo. Alikuwa ameshika nyundo mkono mmoja, sabuni mkono mwingine, na tayari ameshatuzoea. "Hii nayo niinyooshe," aliuliza, "ama ni historia?" Rafiki yangu aliuangalia mlango kwa muda mrefu, akaujaribu mara mbili. Haukuwa ukifunga. Akamwambia anyooshe.